Mkalimani Aliyemtangulia Mhubiri

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mguu wako je, bado unakusumbua kwenye cherehani?

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote. Jana nilimtafsiria kanisani mhubiri mgeni asiyejua Kiswahili. Baba alinisukuma mbele, eti shule ya lugha mbili isiende bure. Unajua ninavyoogopa kusimama mbele za watu.

Mgeni alisimulia Ibrahimu na Isaka. Kisu kilipoinuliwa akanyamaza, akachukua glasi ya maji. Akanywa taratibu, Shangazi! Watoto wa benchi la mbele wameshikana mikono, mmoja midomo inamcheza. Nikashindwa kuvumilia. Nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "Msiogope, kondoo yupo kichakani. Na Mwana mwingine alikuja kupanda kilima na mti wake mgongoni, kama Isaka na kuni zake. Huyo hakupata kondoo wa kumwokoa. Yeye ndiye alikuwa Kondoo."

Kanisa zima: Amina! Wote wakadhani ni maneno ya mgeni. Baba mpaka leo anausifia "ule mstari wa mgeni". Na mgeni anarudi Jumapili, anamtaka mkalimani yuleyule. Nifanyeje?

Mwanao, Kimya

Alhamisi, 6 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Mguu umepona, ila kwa kucheka nimeshona mkono wa gauni penye shingo. Bibi harusi bado hajui.

Ulichosema ni kweli tupu. Mimi nikisoma habari za kale ni kama kugeuza nguo ndani nje: naona uzi wa Yesu ulikoanzia. Lakini maneno yako umemvisha mtu mwingine. Mvue kwa adabu, kabla ya ibada. Na usinitume mimi!

Shangazi yako

Jumapili, 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Bibi harusi amesalimika?

Nimemwambia mgeni kabla ya ibada. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Ndiyo maana! Nikashangaa, watu wanaitikia Amina na mimi nameza maji!" Kisha akatania kwamba Jumapili ijayo niseme mimi, yeye atafsiri. Ila akasema kwa baba nijieleze mwenyewe, leo leo.

Ndiyo maana nimejifungia chumbani nakuandikia. Sasa nasikia ndala za baba koridoni, na huo mstari anauimba kabisa! Nitaificha barua kwenye Biblia, palepale kwa kondoo.

Anagonga. Shangazi, safari hii sina wa kumtafsiria.