Wakubwa wa Lufira Réseaux

Jumatatu, 20 Januari 2025

Leo sikuchimba. Msimamizi ametutoa mtaroni mimi na Désiré. Nawa miguu, ingia ofisini! Tangu mvua zianze tunalaza nyaya za internet za Lufira Réseaux mbele ya mlango ule, na leo ndiyo mara ya kwanza kuuvuka. Kazi: kutundika picha za wakubwa. Wanaume na mwanamke mmoja, kila mmoja mkubwa kama dirisha, na chini yake maneno ya Kifaransa yanayoeleza ametoka wapi na amefanya kazi gani.

Shule niliiacha sekondari, mwaka wa pili, kule kwetu Lubero. Kifaransa cha kusoma ukutani kinanitosha.

Président wa conseil, yaani bodi ya kampuni: daktari wa meno. Wa pili: kanali mstaafu. Wa tatu: mama Julienne, aliuza bia kwa jumla, halafu akaandaa mashindano ya warembo. Wa nne: pasta. Wameandika «visionnaire», mwenye maono. Wa tano ni DG, mkurugenzi mkuu mwenyewe, Monsieur Bénit, zamani msemaji wa timu ya mpira.

Hii ni kampuni ya teknolojia!

Désiré, mtoto wa hapa Katuba, alikuwa juu ya ngazi. Akasema, akiniita kaka kwa namna ya huku: «Yaya Jérémie, mu aba bantu bote hakuna hata moya anajua kufungula telefone na kuirudisha.» Madame Graciella wa sekretarieti alisikia. Alicheka akiwa ameziba mdomo.

Meno, bunduki, bia, mapepo, mpira. Hapo ndipo zinatoka amri za wapi nichimbe.

Jumanne, 28 Januari

Goma imeanguka jana mikononi mwa waasi. Kasoki, mke wangu, yuko Goma, na binti yetu Séphora. Napiga simu, napiga. Hakuna kitu.

Msimamizi anasema chimba, vita iko mbali. Kwake iko mbali.

Nilikuja huku na lori la wafanyabiashara wa kwetu, nikidhani nitakaa mpaka mavuno tu. Kumbe mimi ndiye nimekaa mahali salama na mwanamke amebaki na mabomu. Siwezi hata kuliandika vizuri.

Jumamosi, 1 Februari

Amepiga! Sauti inakatika. «Baba Séphora, tuko wazima. Maji hakuna. Moto hakuna. Mlango tuliufunga na kitanda.» Nilitaka kumwuliza mambo mengi, nikauliza kama wamekula. Simu ikafa.

Ofisini wakubwa wanakimbia. Mjini wanasema kuna redio na vyombo vya mawasiliano vya Lufira vimeonekana mikononi mwa wale walioingia Goma. Nani aliviuza? Kila mtu anamwangalia mwenzake. Kanali ameandika kwamba moyo wake ni mgonjwa. Mama Julienne anakwenda kupumzika Afrika ya Kusini. Daktari wa meno hakuandika kitu, amepanda ndege tu.

Mimi na Désiré tumeitwa tena, kuteremsha picha zao. Ya kanali ilikuwa nzito. Désiré aliiongelesha njia nzima mpaka stoo: «Pole, mon colonel. Chunga kichwa, mon colonel. Ata vita haiyafika huku, weye njo unakimbia?»

Watu wa namna hii! Wakati wa kupigwa picha hakuna aliyekuwa na moyo mgonjwa.

Alhamisi, 6 Februari

Bwana DG ameniita. Peke yangu. Amenipa kiti na Fanta baridi. Nikajua kuna ubaya.

Anasema sheria inataka watu watatu kwenye conseil. Wamebaki wawili: yeye na pasta. Bila wa tatu kampuni inafungwa, na mtaro wangu pia. Anataka jina. Jina safi, la mtu asiye na maneno. Huku mjini kukopesha jina si jambo geni, hata duka la vitenge utakuta limeandikwa kwa jina la mlinzi anayelala mlangoni.

Nikasema, mimi ni mchimbaji. Akasema: «Papa Jérémie, daktari wa meno alikuwa nani?»

Nikakataa vilevile. Nikasimama.

Ndipo akasema, pole pole, akiangalia Fanta yangu: «Madame iko Goma, si vile?» Ana rafiki mwenye malori. Yanapita Rwanda, Tanzania, Zambia, yanaingia hapa kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye kabini kuna nafasi ya mama na mtoto. Anaweza kupiga simu leo.

Nilikaa tena.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetia sahihi. Nimepigwa picha na koti la DG mwenyewe. Mabegani linabana, tumboni ungeingiza mtoto. Suruali ilikuwa yangu ya kazi, na matope. Picha inaishia kifuani.

Madame Graciella ndiye anayeandika maisha ya wakubwa kwa ajili ya ukutani na kwa site ya internet. Aliniuliza: «Papa, ulianza kazi gani?»
— Kuchunga ng'ombe za mjomba.
Akaandika: «gestion des ressources», usimamizi wa rasilimali.
— Halafu?
— Kupakia viazi kwenye malori, Butembo.
«Logistique.»
— Na sasa?
— Unanijua, mama. Nachimba.
Aliwaza kidogo. Akaandika: «expert en infrastructures souterraines», mtaalamu wa miundombinu ya chini ya ardhi.

Tulicheka sana, yeye na mimi. Halafu akaacha kucheka. Akasema wale wengine pia ni yeye aliyewaandika, na hakuna aliyecheka. Kanali alimrudishia karatasi akitaka maneno marefu zaidi.

DG amenikataza kuacha chepe. Wachimbaji ni wachache, na mkutano ni siku moja moja. Kwa hiyo mimi ni mkubwa kwenye ukuta na mtumwa mbele ya ukuta huohuo.

Jumapili, 9 Februari

Désiré ameiona picha kwenye telefone. Amewaonyesha watu wote wa avenue yetu. Mama Musonda, mwenye nyumba ninayopanga, ameniletea maji ya kuoga na kupiga goti kabisa: «Excellence, mayi yako njo iyi.» Vicheko mpaka kwa jirani. Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Lori limeondoka. Kasoki na Séphora wamo. DG alinipa simu nikamsikia dereva. Basi, mshenzi yule ametimiza neno moja. Tusimnyime haki yake.

Jumatatu, 17 Februari

Bukavu nayo imeanguka. Na sisi leo tumefanya conseil.

Nilifikiri nitaona siri za wakubwa. Nimeona biskuti. Pasta aliombea umeme, umeme ukakatika, akasema ni jibu. Halafu DG akasoma karatasi kwa Kifaransa cha mbio, kama mtu anayefukuzwa. «Wanaokubali?» Pasta akainua mkono bila kufumbua macho. Nami nikainua.

Nje nilimwuliza Madame Graciella tumekubali nini. Alisema: tumethibitisha mauzo yote ya mwaka jana. Yote. Pamoja na zile redio.

Nilisimama pale na biskuti mkononi. Waliouza wako kwenye ndege. Aliyekubali ni mimi, mume wa mwanamke aliyefunga mlango kwa kitanda.

Nilirudi kwa DG. Mlangoni akanisimamisha kwa kiganja: «Papa Jérémie, lori iko Tanzania. Ngoya kwanza ifike. Tutaongea.»

Nimerudi mtaroni. Nawadharau wote, na leo najidharau mimi kuliko pasta. Yeye angalau ana kisingizio cha kusinzia.

Jumatano, 26 Februari

Kasoki amepiga kutoka Nakonde, wameingia Zambia. Sauti safi, kama yuko chumba cha pili. Séphora anakohoa, lakini anacheka na dereva. Shemeji yangu wa Butembo alimtumia Kasoki ile picha yangu njiani. Anasema: «Baba Séphora, kumbe ulinificha! Nilijua unachimba.» Nikamwambia nachimba kweli. Hakuniamini. Alikuwa na furaha. Ningemwondoleaje furaha mtu aliyetoka kule?

DG hajaonekana tangu Jumatatu. Gari lake lipo. Yeye hayupo. Pasta anafunga na kuomba mlimani, haijulikani mlima gani.

Ijumaa, 28 Februari

Wamekuja. Jeep mbili, wanaume wasio na sare. Sisi tuko mtaroni, matope mpaka magoti. Mmoja akainama juu yetu:
«Bapapa, bakubwa ba huku beko wapi?»
Désiré akajibu upesi: «Chef, weye iko mukubwa wa kwanza kutusalimia.»
Yule akacheka. Akauliza: «Na uyu administrateur Kasereka?»
Ndiye mimi, mjumbe wa conseil. Nilikuwa nimeshika chepe, jasho linaingia machoni.
«Uyu wa picha?» akasema Désiré. «Bantu ba vile banakuyaka na motokari, chef. Banatupita tu.»

Wakaingia ndani. Waliiona picha yangu ukutani, wakapita tena mbele yangu wakitoka, hawakunitambua. Koti tu linafanya hivyo? Walimchukua Madame Graciella. Alipita karibu na mtaro, kichwa juu, hakuniangalia hata kidogo.

Mimi nikainamia chepe, nikachimba.

Jumamosi, 1 Machi

Asubuhi, simu. Kasoki. Wako Kasumbalesa!

Nilipiga kelele, Mama Musonda akatoka mbio na mwiko. Lakini Kasoki alikuwa anaongea haraka. Dereva amepita na lori lake, wao wameambiwa wasubiri, kwa sababu wametoka Goma na watu wa mpakani wanataka kujua nani anawapokea. «Usiogope, Baba Séphora. Nimewaambia mume wangu ni administrateur wa Lufira. Wakataka kujua kama ni kweli, nikawaonyesha picha. Wamebadilika palepale! Wamenipa kiti. Séphora wamemletea chai.»

Kiti. Chai.

Halafu sauti ya mwanaume, ya adabu sana: «Bonjour, Monsieur l'Administrateur. Madame na mutoto banakungoya huku. Kuya weye mwenyewe, si kutuma muntu.»

Nikasema naam.

Désiré ananishika mkono. Anasema nisiende, atakwenda yeye, atasema ni ndugu yangu. Nimemwambia umesikia alivyosema. Anasema basi nenda na nguo za mtaro, waambie ni makosa, wewe ni mchimbaji, angalia mikono. Mama Musonda anasema: na wakiuliza sahihi ni ya nani? Koti la DG, ambalo hakulidai tena, nimemwachia Mama Musonda. Nimevaa shati la kanisani. Shati tu, halisemi mimi ni nani.

Naandika ndani ya taxi-bus ya Kasumbalesa, bado haijajaa. Kasoki ametuma picha: Séphora na kikombe, nyuma yake miguu ya mtu na viatu vyeusi vilivyong'aa. Amerefuka mtoto huyu. Mkono wa shati umekuwa mfupi.

Konvoyeur, konda wa gari, anapita kiti kwa kiti. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, siku hizi wanataka jina na kazi ya kila abiria. Mama wa mbele yangu amesema: biashara ya samaki, Pweto. Kijana wa pembeni: mwanafunzi. Wamejibu bila kuwaza, kama mtu anayetaja mkono wake.

Amefika kwangu. «Papa, jina? Na kazi?»

Kalamu yake imekauka. Anaitikisa. Ananiomba hii ya kwangu, ninayoandikia