Nyumba ya Mageti

Nyumba ya Mageti,
Marbrook, Staffordshire.
9 Juni 1954

Dada yangu mpenzi Keturah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba baridi ya Kanada imewaachia kidogo. Sisi huku hatujambo. Baba anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Habari kubwa ni kwamba reli yetu imefungwa. Njia ile aliyoilinda babu tangu ilipojengwa, isiyofika hata maili moja kutoka mgodini hadi kwenye bandari ya mfereji, haina kazi tena. Makaa ya mawe sasa yanakwenda kwa malori. Siku ya treni ya mwisho dereva alimtania Baba kwamba sasa atalala mpaka mchana kama mkwe wa tajiri. Baba akamjibu, "Nenda zako! Miaka yote hii honi yako inanipozea chai!" Kisha akaingia ndani akalia.

Mimi sikulia. Reli ile haikuwa na ratiba, unakumbuka. Treni ilishuka mashua zikiwa tayari kupakia, na ikipiga honi lazima mtu awepo afungue mageti pale reli inapokata barabara. Ulipoolewa wewe, mtu huyo nikawa mimi. Hata kanisani mimi na Baba tulikwenda kwa zamu. Bahari sijaiona mpaka leo.

Sasa Josiah, yule mwenye mashua uliyekuwa ukimwita Bwana Masizi, amenichumbia. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Baba akasema yeye atahamia kwa shangazi, mradi aepukane na uji wangu. Nikaanza kushona mapazia ya kwenye mashua, maana humo ndimo tungeishi, tukienda kila mfereji unakofika.

Dada, hili sijamwambia mtu. Jana Josiah alikuja anacheka peke yake, akanitia ufunguo mkononi. Wenye reli walikuwa wanaiuza nyumba hii, naye ameinunua iwe zawadi ya harusi. Ameuza mashua. Alisema hakutaka nitolewe katika nyumba nilimozaliwa, na kwamba maji yamemchosha tangu utotoni. Baba naye habanduki tena. Nililia, wakadhani ni furaha.

Nampenda, Keturah, na hapo ndipo nilipokwama. Harusi ni Jumamosi. Ukijibu usiliguse jambo hili, kwa maana barua zako Baba husomewa kwa sauti, na Josiah atakuwa papo hapo mezani.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Naitwa nje nikachague rangi ya mageti.

Nduguyo akupendaye,
Thirza