Pampu ya Mteja wa Kwanza

Mpendwa Baba Elia,

Huko uliko sijui kama kuna asubuhi. Huku kwetu leo kumekucha na mwanao amesimama mlangoni pa duka letu la vipuri kabla sijafungua kufuli. Amenipa shikamoo ndefu, ya mtu mwenye shida, nikajua tu. Anataka ile pampu kubwa ya mafuta kwa ajili ya gari lako, na amewahi makusudi, maana sheria yako anaijua kuliko anavyoijua Sala ya Bwana: mteja wa kwanza wa asubuhi haondoki mikono mitupu.

Nimegeuza ndoo nikaikalia. Sasa nimefunga duka mchana kweupe ili nikuandikie, na wanaogonga wagonge.

Unakumbuka ulivyolileta lile gari? Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika, na sisi tuliozoea foleni za sabuni tukajikuta tunauza plagi za Kijapani. Ukaagiza gari la turbo kutoka Dubai. Mtaa wetu mzima wa Kwa Mrombo ulitoka nje kulitazama. Nawe hukuridhika, ukamwambia fundi Lembris aipandishe presha ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Lembris alikuambia nikiwa nimesimama pale pale kwamba ukiongeza hewa lazima uongeze na petroli, na pampu iliyokuja na gari haitamudu. Kwenye mlima, ukikanyaga mpaka chini, injini itakosa mafuta na kukata. Nikaelewa upesi. Ni sawa na kupepea jiko ambalo mkaa umeisha.

Pampu ya kufaa ilipatikana Nairobi tu, na ulipoitaja bei niliacha kukoroga uji. Bei ya ng'ombe wa maziwa, kwa kitu kinachozamishwa ndani ya tanki, hakuna jirani atakayekiona! Nikakuuliza kwa nini usiishushe tu presha, maana kushusha ni bure. Ukanijibu kwamba mtu wa Machame harudishi alichokwisha kuongeza. Kichwa ngumu wewe. Tuligombana, tukanuniana, na mwisho nikakubali mimi, kwa sababu kiti cha pembeni yako kilikuwa changu. Tukamuuza Bahati, ng'ombe wetu. Ukaenda Nairobi, ukarudi na pampu imeviringishwa kwenye khanga yangu, nami nikaifungia kabatini.

Asubuhi ya kwenda kuifunga kwenye gari ulifungua duka mwenyewe. Hakukuwa na mtu. Ukaniambia niitoe kabatini niiweke kaunta, ili uipeleke kwa Lembris. Nikaitoa. Ndipo akaingia yule kijana wa Usa River, akaiona, akatoa fedha taslimu na hakuomba hata kupunguziwa. Nilikuvuta shati. Nikakuambia hiyo si ya kuuza, hiyo ni roho zetu.

"Mteja wa kwanza hafukuzwi, Mama Elia," ukasema. "Nitaleta nyingine."

Ukamfungia kwenye gazeti. Mchana chakula chako nilikiacha kwenye sufuria ukajipakulie.

Nyingine haikuwahi kuja. Jumamosi iliyofuata tulitoka kununua maharage, tukawa tunarudi na magunia nyuma, tunaupanda mlima wa Oldonyo Sambu. Mbele kulikuwa na lori linalojivuta. Nilikuambia tusubiri. Ukatoka kulipita, ukakanyaga, gari likaruka vizuri, na ubavuni mwa lori likakohoa, likakosa nguvu. Basi la abiria lilikuwa linashuka, linatujia usoni. Ulisema neno moja tu, "Mafuta," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Halafu ukakata usukani kulia, tukaingia korongoni kwa upande wako.

Kwa upande wako, Baba Elia. Najua ulichagua. Ndiyo maana nimeshindwa kukuchukia, na Mungu anajua nimejaribu.

Tangu hapo kabati halijakosa pampu. Siku hizi zimejaa mjini, nyingine feki tupu, na vijana wenye magari ya kawaida wanakuja kuzitaka kwa sifa. Nawafukuza. Namuuliza mtu, gari lako halina turbo, pampu hii ya nini? Elia naye nilimwapia kwamba hataipata kwangu. Lembris alilinyoosha gari na kuishusha presha, sawa, liendeshwe polepole kwenda kanisani. Nilidhani nikimnyima pampu nimemnyima mbio.

Leo nikamuuliza kama ameipandisha presha. Akatazama chini. Jana, akasema. Baba Elia, nilimtazama ndevu zake na yale mabega yako, nikauona mlima ule mzima.

"Mimi ndiye mteja wako wa kwanza, mama," akasema, akaziweka fedha kaunta.

"Wewe si mteja," nikamwambia. "Ondoa fedha zako hapa."

Nimeutaka ufunguo wa gari, nimeufunga kwenye pindo la khanga. Nikafungua kabati, nikampa pampu, nikamwambia aende akamlete Lembris na vyombo vyake hapa hapa dukani. Ufunguo utatoka pampu ikishafungwa, na safari ya kwanza napanda mimi, kiti changu kile kile, mlima ule ule. Sasa hivi nawasikia nje wanang'oa kiti cha nyuma ili walifikie tanki.

Nimekaa hapa nikiifikiria asubuhi yetu ile, na hasira yote imenirudia. Kabla kijana yule hajaingia, nani alisimama kwenye kaunta hii akaitaka pampu? Mteja wa kwanza ulikuwa wewe, mume wangu. Ukajifukuza mwenyewe.

Pumzika. Pampu imeshafungwa, Lembris ananiita nikawape ufunguo.

Ni mimi, mkeo,
Mama Elia