Dawa ya Choo, Mtaa wa Sikukuu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Josepha binti Marcelino. Umri: kama miaka 40. Kazi: kuuza vitumbua. Makazi: Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Nimepanga nyumba moja na Klara na mumewe, marehemu Vitalis, kuli wa bandarini. Tunatumia ua mmoja, choo kimoja na bafu moja. Chupa ya kreolini ni ya wapangaji wote. Klara ndiye huitumia zaidi: humimina kidogo ndani ya ndoo ya maji, akaoshea choo, na mbao za vitanda kunguni wakizidi.

Vitalis alikuwa na upele mwili mzima. Ijumaa alirudi mapema kutoka kazini. Mnyapara alikuwa amemtoa kwenye foleni mbele ya wenzake, akamwambia asirudi mpaka apone. Siku hiyo hakula.

Mnamo tarehe 14 Agosti 1954, Jumamosi asubuhi, nilikuwa uani nakaanga vitumbua. Klara alikuwa karibu nami anakanda unga. Vitalis alipita na chupa ile, akaingia bafuni, akafunga komeo. Klara akamwambia, "Baba Theophil, changanya na maji, hiyo kali."

Akajibu kutoka ndani, "Maji ndiyo yanaubembeleza upele huu."

Klara aligonga mlango, akamsihi. Na mimi niligonga. Hakufungua. Tulimsikia akipiga ukelele mara moja.

Alitoka amejifunga shuka. Ngozi ya kifua na mapaja ilikuwa imegeuka nyeupe kama iliyochemshwa. Alikuwa anatabasamu. Alisema, "Klara, hauwashi tena." Akaenda kidogo akiyumba kama mlevi, akaanguka.

Klara alimfuta kwa kanga yake huku mimi nammwagia maji. Hakuiacha kanga hiyo hata ilipoanza kumchoma viganja. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa Shaibu, mpangaji mwenzetu. Alikata roho kabla ya adhuhuri.

Benjamini, ndugu wa marehemu, alikuja kutoka Buguruni. Alipoona viganja vya Klara vimeungua, alisema huyu ndiye aliyemmwagia mumewe dawa, maana walikuwa wakigombana. Ni kweli waligombana, nyumba nzima tulikuwa tukisikia. Lakini asubuhi ile mikono yake ilikuwa mizima. Niliiona ndani ya unga.

Jana nilimletea Klara uji hapa kituoni, alikofungiwa kwa maneno hayo ya Benjamini. Aliniuliza, "Dada Josepha, tunamzika lini?" Benjamini alikwisha kumzika Jumapili. Nilimwambia anywe uji kwanza, ungali moto. Naomba mtu wa ofisi amwambie. Mimi nimeshindwa.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza.

(Dole gumba la shahidi)

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Mahabusu Klara ameambiwa habari ya mazishi. Ameomba apelekwe kaburini. Ombi nimelifikisha kwa Inspekta, bado halijajibiwa.
Mbaruku, Koplo. 17 Agosti 1954.