Kona za baba mkwe

Aisee, leo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Lile trela la boti la baba mkwe, tairi la kushoto limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, la kulia limelika upande wa nje. Nami na kimbelembele changu, mama mkwe yuko dirishani anasikia, nikamwambia mzee: "Baba, unakata kona kwa pupa."

Nilimwambia mkwe hivyo. Mkwe.



Nikachukua kamba, nikapima kutoka shingo ya trela hadi kila gurudumu. La kushoto limerudi nyuma vidole viwili, ekseli imekaa mshazari, ndiyo inayokula matairi. Nikaingia chini. Nati zinazoshika ekseli upande ule zinazunguka kwa mkono.

Sasa nani alibadilisha springi pale mwezi uliopita, akajisifu amekaza nati zote? Si mimi?

Nageuka, mzee amechuchumaa pembeni, ameona kila kitu. Tukairudisha ekseli mahali pake, nati mzee akazikaza mwenyewe. Mimi nikapewa tochi nishike.

Mama mkwe akauliza, "Kumbe tatizo lilikuwa nini?"

Mzee akajibu, "Kona zangu, mke wangu. Nazikata kwa pupa."

Nami nikaizima tochi. Nimekaa nao mezani, bado sijasema kwamba ni nati zangu.