Ukuta wa Chumba cha Mama

Shoga, uko wapi?

Unajua wifi alivyong'ang'ania kwenye nyumba mpya, ukuta kati ya chumba chao na cha mama ujazwe pamba ya kuzuia sauti. Leo fundi kamaliza. Wifi akajifungia chumbani kwake kuujaribu, akampigia dada yake simu ili apate cha kuongea. Fundi akaja kusikiliza kwa mama. Alitukuta mimi na mama humo, mama kakaa kitandani. Wifi alidhani tuko nje.

Akacheka. Akasema, "Sasa akohoe mpaka achoke. Hata akifa humo, tutajua kwa harufu."

Harufu, shoga. Mama yangu huyuhuyu, aliyemlelea watoto wote.

Tulisikia neno kwa neno. Fundi kajaza pamba ukuta mzima, halafu kasahau tundu la soketi, liko wazi huku na huku. Akainamisha kichwa kama katukana yeye.

Mama hakulia. Alipiga goti polepole, akaweka mdomo kwenye tundu.

"Mke wa mwanangu, hapa pasizibwe. Hiyo harufu itapita wapi?"