Shikamoo, Jembe

Vuga,
S.L.P. Lushoto.
8 Oktoba 1968

Mjukuu wangu mpendwa Yunis,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Mumeo Yohane hajambo? Joto la Muheza umelizoea? Huku tu wazima, ila magoti yangu yanagoma kwenye mteremko wa kisimani. Anayeandika ni jirani yetu Salma. Nimemwonya asilainishe neno langu hata moja.

Yunis, nimemkosea baba mkwe wako. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa abiria wa basi.

Huyu huyu Salma aliniomba nimsindikize nyumba kwa nyumba kumpigia debe Athumani, awe mwenyekiti wa tawi la TANU. Nilikwenda kwa kuwa anaogopa mbwa, si zaidi. Basi nikanogewa! Mimi ambaye sikukanyaga darasa, nasema, wanaume wananyamaza. Maharage yakawa yanaungua jikoni, na magoti yakasahau kuuma.

Siku ya gulio, mkwe wako Rubeni, mpinzani wa Athumani, akapanda juu ya benchi kujiombea kura. Nikapaza sauti: "Msimsikilize huyo! Rubeni akikutana na jembe njiani, huliamkia 'Shikamoo', kisha hupita zake!" Watu walicheka mpaka kapu la matunda likapinduka. Nami nikaongeza mengine.

Unajua koo zetu ni watani. Zamani angenijibu, "Kaa chini, kizee uliyesahauliwa na kaburi," tukacheka, yakaisha. Lakini tulipopokea mahari yako, utani wangu naye ulikoma. Ni mkwe sasa, natakiwa kumstahi. Ulimi ulisahau. Nikasimama pale namngoja anijibu. Akainamisha macho, akasema, "Shikamoo, mkwe," akashuka.

Waliotoka vijiji vingine hawakujua habari za utani. Waliamini ni mvivu kweli, na siku hizi za Ujamaa hakuna sifa mbaya kuliko hiyo. Rubeni, ambaye viazi vyake tunavila sote! Ameshindwa. Watoto wanamfuata njiani: "Shikamoo, jembe!" Na mimi nilishangilia ushindi wa Athumani hadi kilemba kikaanguka.

Nakufikiria wewe, bado mgeni katika ukoo ule, utaangaliwaje kwa ajili ya mdomo wa bibi yako.

Juzi, gulio lilipojaa watu, nilichukua jembe nikaenda shambani kwake kando ya barabara. Nikawaambia wapita njia kwa sauti kwamba nilisema uongo, nikaanza kupalilia. Rubeni alikuwa humo humo, akaendelea kulima. Tulilima, kila mtu na tuta lake. Mwishowe akanisogelea, akaliinamia jembe langu, si mimi, akasema, "Shikamoo." Akarudi kazini.

Sijui amenisamehe au amelipa kisasi. Nimepokea yote mawili.

Mwambie Yohane kosa ni langu, asikukunjie uso. Salma anataka nimsindikize tena uchaguzi ujao. Nilipaswa kukataa. Sijakataa, na aibu hiyo nayo ninayo.

Nisalimie Yohane, na Amina jirani yako aliyekupokea. Mwenyezi Mungu awakinge na homa za huko chini, awape mtoto mwenye miguu yangu ya ujana na ulimi wa mtu mwingine.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokuaibisha,

Dorkasi
(dole gumba langu hilo hapo chini)